Mukombero ulinilipia karo, leo nautafuta msituni siuoni

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kukutana naye. Ni yule mchuuzi anayepanda basi dakika chache kabla halijang'oa nanga, mkononi ana mafungu ya mizizi ya rangi ya kahawia iliyokatwa vipande vya urefu wa shubiri moja na kufungwa kwa ukambaa. Hapigi kelele kama muuza soda wala haringi kama muuza saa. Huinama kidogo, akawaendea wanaume waliokaa dirishani na kuwanong'oneza neno moja tu: "Mukombero." Wengine hutabasamu. Wengine hutazama nje kana kwamba hawakusikia, na huku mikono yao imekwisha kuingia mfukoni kutafuta sarafu.

Ukiwa mwanamke kama mimi, mchuuzi huyo hukupita kana kwamba huna meno. Siku moja nilipokuwa nasafiri kutoka Nairobi kwenda Kakamega nilimwita mmoja nikamwambia anipe mafungu mawili. Alinitazama toka utosini hadi kwenye viatu, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa na abiria wote, "Mama, unampelekea mzee?" Basi zima likaangua kicheko. Nililipa nikanyamaza. Ningemwambia nini kijana wa watu? Ningemwambia kwamba mzizi ule alioushika ndio ulioninunulia sare ya shule, godoro la bweni na hatimaye diploma ya uandishi ambayo kwayo unanisoma hivi leo?

Naam, nimelelewa na mzizi. Nami sioni haya kulisema hilo. Kinachonitia haya ni jambo jingine, na ndilo ninalotaka tulizungumze Jumapili hii.

Kwa wasioufahamu, mukombero ni mmea wa msituni unaopanda juu ya miti mingine. Shina lake huanza likiwa jembamba kama kamba ya kuanikia nguo, kisha hukomaa likawa gumu kama mti. Majani yake ni makubwa, yana umbo la moyo, nayo hutoka mawili mawili yakitazamana. Ukilikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni ya zambarau iliyokolea. Mbegu hukaa ndani ya maganda marefu yanayoota mawili mawili mithili ya pembe za ng'ombe, na ganda likipasuka kila mbegu hupeperuka na kishungi chake cha nywele laini kama hariri. Lakini hayo yote ni mapambo. Mali yenyewe imo ardhini.

Mzizi huo huoshwa, ukatafunwa mbichi. Ganda lake nene ndilo lenye utamu. Kile kiini kigumu cha katikati hutemwa. Mwanzo unakutana na uchungu kidogo na ukali unaokukumbusha tangawizi, na unaweza kudhani umedanganywa. Subiri. Baada ya muda unakuja utamu ambao hujui umetoka wapi, nao hukaa mdomoni hata ukinywa maji. Harufu yake ni ya vanila, na hilo si la kudhania tu. Wanasayansi walioipima mizizi hiyo wamegundua kwamba kinachonukia ni kemikali iliyo ndugu wa karibu sana wa ile inayoipa vanila harufu yake.

Wataalamu wa mimea wameupa jina la Mondia whitei, na hilo neno la kwanza lilitoka kwa Wazulu ambao huuita umondi. Jirani zetu Waganda huuita mulondo, na kule Malawi ni gondolosi. Kwa hivyo asije Mluhya yeyote akajigamba kwamba mukombero ni wetu peke yetu, kwani huota kuanzia Guinea kule Afrika Magharibi hadi hapa kwetu, ukashuka hadi Afrika Kusini. Hata hivyo, hapa Kenya ukitaja mukombero umeutaja msitu wa Kakamega.

Msitu huo ni kitu cha ajabu kwa nchi ambayo sehemu yake kubwa ni kavu. Ni kipande cha mwisho, upande huu wa mashariki, cha ile misitu mikubwa ya mvua ya Kongo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, wakati ambapo watu walikuwa wakimiminika Kakamega kwa ajili ya dhahabu. Eneo lake kwenye ramani ni kama kilomita 240 za mraba, ingawa si pote unapokuta miti ya kiasili. Pengine utapata misonobari, pengine majani chai, pengine nyasi tupu. Pande zote umezungukwa na mashamba madogo madogo, nyumba kwa nyumba, watu kwa watu. Mtu anayeishi pale akitazama ule ukuta wa kijani kibichi nyuma ya shamba lake la robo ekari, anaona kuni, anaona dawa, anaona malisho. Khotsa wangu aliona karo.

Khotsa ni mjomba kwa lugha yetu. Baba yangu alifariki mwaka 2000 nikiwa darasa la tano katika shule moja ya Kangemi, jijini Nairobi. Mama, ambaye alikuwa akiuza mboga, hakuweza kulipa kodi ya nyumba na kutulisha watoto watatu, kwa hivyo tulifunga virago tukarudi kwao, karibu na Shinyalu. Huko tuliwakuta kukhu, yaani nyanya, pamoja na babu aliyekuwa amekwisha kuzeeka, na huyo khotsa wangu, kifungua mimba wa nyumba ile, mwenye watoto wake wanne.

Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Tulishangilia. Mimi nilikuwa nimeingia darasa la nane, kwa hivyo nilionja neema hiyo kwa mwaka mmoja tu. Nikafaulu mtihani, nikaitwa katika shule ya bweni, na hapo ndipo shangwe zilipokoma. Ruzuku ya masomo ya sekondari ilikuja mwaka 2008, mimi nimetoka kumaliza kidato cha nne. Wapo watu waliozaliwa na bahati ya kufika wakati chakula kinapakuliwa. Mimi siku zote nimefika sahani zinapooshwa.

Siku barua ya shule ilipofika, khotsa aliisoma mara mbili, akaikunja akaitia mfukoni. Kesho yake alfajiri alichukua jembe, panga na gunia, akaingia msituni.

Nilimfuata mara nyingi wakati wa likizo, kwa hivyo najua jinsi kazi ile ilivyofanywa. Hakuwa akitazama chini bali juu. Aliangalia matawi ya miti hadi alipoyaona yale majani ya umbo la moyo, kisha akaifuata ile kamba kwa macho ikishuka, ikajizungusha hapa, ikajificha pale, hadi inapoingia ardhini. Hapo ndipo alipopiga jembe. Chini huwa pana shina nene la mzizi, na kutoka hapo mizizi hutawanyika pande zote kama mihogo, mingine mirefu kuliko mtu. Khotsa aliifuata yote. Hakuacha hata mmoja. Alipomaliza palibaki shimo ambalo ndama angeweza kulala ndani, na juu mtini ile kamba ikining'inia na majani yake yote, haijajua bado kwamba imekufa.

Babu hakuipenda kazi ile. Si kwamba hakuutafuna mukombero, kwani sikumbuki kumwona bila kipande mfukoni mwa koti lake. Lakini yeye alikuwa akichimba upande mmoja tu wa mmea, akakata mizizi miwili au mitatu, kisha akarudisha udongo na kuukanyaga kwa mguu. Akirudi mwaka wa pili anachimba upande wa pili. Nakumbuka jioni moja alimwambia khotsa, "Wewe unakamua ng'ombe kwa shoka." Khotsa alijibu kwa heshima kwamba babu alikuwa akichimba mizizi ya kutafuna, naye anachimba mizizi ya kusomesha. Babu akanyamaza. Na mimi, mwenye kusomeshwa, nilikuwa pale jikoni nikisikia, nami nilimuunga mkono khotsa kimoyomoyo. Ningewezaje kufanya vingine?

Mizizi ilioshwa kwenye kijito nyuma ya nyumba, ikapangwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ili isikauke, na usiku khotsa akapanda basi la Nairobi. Aliuza Kangemi, aliuza Kawangware, aliuza Gikomba. Fungu lilikuwa shilingi kumi wakati huo. Hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji, ni mafungu mangapi yatakayolipa karo ya shilingi elfu ishirini kwa mwaka, na nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha watu kumi na mmoja nyumbani. Kila fungu lilikuwa shimo fulani msituni.

Nikiwa kidato cha tatu, mwaka 2006, askari wa msitu walimkamata na gunia zima. Alilala rumande siku mbili, akatozwa faini. Mama aliuza ndama. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nikakaa wiki tano, na katika wiki hizo tano sikumsikia khotsa akilalamika hata mara moja. Siku ya thelathini na sita aliniamsha alfajiri akaniambia nifunge sanduku langu. Sikumuuliza fedha zimetoka wapi. Nilijua.

Nilipokuja Nairobi kusomea uandishi kati ya 2009 na 2011, biashara ilihamia chumbani mwangu. Magunia yalikaa chini ya kitanda, na nguo zangu zote zikanukia vanila hata wenzangu chuoni wakadhani natumia manukato ya bei ghali. Jioni nilimsaidia khotsa kuuza karibu na kituo cha matatu, nikiwa nimejifunga leso kichwani nisitambulike. Siku moja mvulana tuliyekuwa tukikaa dawati moja alisimama mbele yangu. Kwa kutapatapa nikajifanya mnunuzi mwenzake, nikaanza kupatana bei na khotsa wangu mwenyewe! Mzee wa watu alielewa papo hapo. Alinikatalia bei kwa ukali mno, akamuuzia yule mvulana mafungu matatu.

Hebu niseme kidogo juu ya hao wanunuzi, maana najua baadhi yenu mnasubiri nifike hapo. Watu hutafuna mukombero kwa sababu nyingi: kupata hamu ya chakula, kutuliza tumbo, kuondoa uchovu wa pombe ya jana, kukaa macho usiku. Lakini tusidanganyane. Wengi wa wateja wa khotsa walinunua kwa sababu ya lile jambo ambalo mchuuzi hunong'ona. Akina baba, vuteni viti. Mwaka 2001 watafiti nchini Cameroon walichapisha matokeo ya panya madume walionyweshwa maji ya mzizi huu kwa muda mrefu. Uwezo wao wa kuzalisha haukupanda, bali ulishuka! Ulirudi tu baada ya kuachishwa. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2004, ulionyesha homoni ya kiume ikiongezeka kwa panya. Kwa maneno mengine, panya wenyewe hawajakubaliana, na mume wako si panya. Mimi ninautafuna kwa sababu ni mtamu na unanikumbusha nyumbani. Ikiwa una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, usiweke vidonge vyako kando kwa ajili ya unga uliotiwa kwenye chupa isiyo na jina wala anwani, hata kama muuzaji ana ulimi wa asali.

Turudi kwenye shimo.

Mwaka 2019 nilikwenda nyumbani kuandika makala kuhusu msitu. Babu alikuwa amekwisha kutuacha. Nilimwomba khotsa anipeleke nikaone mukombero ukiwa mahali pake, nipate kuueleza kwa wasomaji. Alicheka. "Unakuja kutafuta kitu ulichokuwa ukilalia?" Lakini alichukua panga lake tukaenda.

Tuliingia saa moja asubuhi. Tulipita mahali nilipopafahamu nikiwa msichana, karibu na jiwe kubwa ambapo palikuwa na mikombero minne kwenye mti mmoja. Hakuna. Tukashuka bondeni. Hakuna. Nyani walitupigia kelele, ndege wakubwa wa samawati walipita juu wakiruka kwa uzito kama kuku, miti mikubwa ilikuwa bado ipo, na mtu asiyejua angesema msitu huu haujapungukiwa na lolote. Ilipofika saa nane mchana tulikuwa tumeona mikombero miwili tu, yote miembamba kama penseli, isiyozidi urefu wangu.

Khotsa alichuchumaa mbele ya ule wa pili, akaupapasa. Kisha akachomoa panga.

"Khotsa, unafanya nini?"

"Nakuchimbia uonje. Si umekuja kwa hilo?"

"Usiuchimbe. Acha ukue."

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Nikiuacha mimi, atauchimba mwingine kesho."

"Na aje auchimbe yeye. Sisi tuuache."

Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa upole, na ndiyo maana liliniuma zaidi. "Mwiwa wangu," alisema, yaani mtoto wa dada yangu, "wewe ulisomeshwa na nini?"

Sikuwa na jibu, msomaji. Nimehudhuria warsha nyingi za mazingira, nimekula vyakula vya hoteli nikisikiliza wataalamu wakiwalaumu wanavijiji kwa kuharibu msitu, na mimi mwenyewe nimeandika makala kadhaa za aina hiyo. Lakini katika hizo zote sikuwahi kuandika kwamba mlaji mkubwa wa mikombero ya bonde lile nilikuwa mimi. Wale askari walimkamata mtu aliyeshika jembe. Hawakumkamata msichana aliyekuwa bwenini akisoma kwa fedha za mashimo yale.

Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Ule mukombero tuliuacha, lakini siwezi kuapa kwamba hakurudi kuuchimba.

Baadaye niliuliza hapa na pale nikagundua kwamba jambo hili si letu peke yetu. Kule KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, umondi umekuwa adimu kwa sababu hiyo hiyo ya watu kung'oa mzizi wote kwa ajili ya soko la dawa za kienyeji. Tatizo la mukombero ni kwamba sehemu yenye bei ndiyo sehemu yenye uhai. Mchuma matunda huuacha mti umesimama, na mchuma majani huliacha shina. Mchimba mukombero kwa njia ya khotsa hauachii mmea kitu. Isitoshe, mmea unaong'olewa ukiwa bado mchanga haupati nafasi ya kuzaa yale maganda yake na kuzipeperusha mbegu.

Dawa yake inajulikana, nayo si ngeni. Watafiti wa misitu wamekwisha kuonyesha kwamba mukombero hukubali kupandwa shambani, kwa mbegu au kwa vipande vya shina, na wapo wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega ambao wameupanda. Tena pale pale Kakamega upo mfano mzuri. Kikundi cha wakulima cha Muliru walichukua mmea mwingine wa dawa, ule wa jamii ya mrehani, wakaupanda katika mashamba yao na kutengeneza dawa ya kuchua, na mwaka 2010 wakatuzwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hivyo hatuwezi kusema haiwezekani.

Lakini mwulize khotsa. Yeye ana neno moja kwa mukombero wa shambani: maji. "Huo ni maji," husema. "Mukombero wa msituni umepigana na miti, ndiyo maana una nguvu. Huo wenu mnaomwagilia mikojo ya ng'ombe ni kama kuku wa gredi." Wala si yeye peke yake. Nimewauliza wachuuzi kadhaa, na wote waliapa kwamba wanauza wa msituni, hata yule ambaye baadaye alikiri kwamba huletewa na lori kutoka Uganda na hajui unakoota. Mnunuzi anataka kusikia neno "msitu". Maadamu tunadai hivyo, mwenye jembe ataendelea kuingia, ingawa sheria ya misitu, ile ya 2005 na hii ya 2016, inamkataza kutoa kitu humo bila kibali.

Aprili 2022, mvua zilipokolea, nilinunua miche sita kwa akina mama fulani wanaoikuza kwenye karatasi za nailoni, nikaipanda nyuma ya jikoni la mama, chini ya mparachichi. Mmoja ulichakuliwa na kuku kabla hata sijarudi Nairobi. Mbuzi wa jirani alikula wa pili. Kiangazi cha Januari kikachukua miwili. Mama alinipigia simu akaniambia niache kumpa kazi ya kulea majani wakati ana ng'ombe, lakini kila niliporudi niliona ile miwili iliyobaki imefungwa kwa kamba mpya kwenye mparachichi, na chini pamewekwa majani makavu ya migomba. Mwaka wa pili mmoja ulichanua. Kukhu, ambaye sasa macho yake hayaoni mbali, alilishika ua lile akalinusa, akasema halinuki vizuri. Ni kweli, halinuki vizuri.

Desemba 2024 nilikwenda nyumbani kwa Krismasi. Niliuchimba ule mkubwa upande mmoja tu, kama nilivyomwona babu akifanya. Nilikata mizizi miwili, mnene kama kidole gumba na mwembamba kidogo kuliko huo, kisha nikarudisha udongo na kuukanyaga. Nikaosha, nikavipanga vipande kwenye sahani kama mtu anayemwandalia mgeni maandazi. Kukhu hana meno, kwa hivyo nilimpondea kipande chake kwa jiwe nikakitia kwenye uji wa wimbi. Alikunywa, akaomba kikombe kingine, akauliza kama babu ameshapata chake.

Khotsa alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi ule ule. Nilimpelekea sahani. Hakuuliza umetoka wapi, maana kifusi kibichi kilikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake. Alichukua kipande, akakinusa, akakifuta kwa shati, akakitia mdomoni. Alitafuna polepole huku ametazama ile kamba iliyopanda juu ya matawi. Mimi nilisimama pale na sahani yangu kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani. Alitafuna hadi utamu ulipokwisha, akatema kiini, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Umeuchimba mapema," alisema. "Huu ulitaka mwaka mmoja zaidi."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kipande cha pili.